Kutoka Korongoni, Sigara Moja

Mjomba hakuwahi kuvaa saa. Ukimuuliza kutoka kwake mpaka kwenye chemchemi ni umbali gani, atakwambia nusu sigara. Kushuka Bigwa ni sigara nne. Kupanda kurudi, saba. "Mlima nao unavuta," anasema, halafu anacheka mpaka anakohoa. Wageni walidhani anatania. Alikuwa hatanii. Nilimfuata sana nilipokuwa mdogo, nikaona kwa macho yangu: anawasha pale anapoanzia safari, na pale anapotupa kipande ndipo alipokuwa amesema.

Hapa nitamwita Mjomba tu, kama tulivyomwita sote, hata wale ambao mama zao hawakuzaliwa naye tumbo moja. Kwetu Uluguru ardhi hupita kwa mama. Mimi nina shamba kwa sababu mama yangu alikuwa nalo, na mama alikuwa nalo kwa sababu ya bibi. Lakini msemaji wa ardhi hiyo ni kaka wa mama. Yeye ndiye anayejua la nani linaishia wapi. Mjomba alijua yote, kila kipande cha ukoo wetu kutoka juu kwenye msitu mpaka chini kwenye migomba, na hakuwa na karatasi hata moja.

Kila mwaka kabla ya mvua kubwa alitukusanya sisi watoto asubuhi, tukapita mipakani. Anasimama kwenye mti au jiwe, anauliza, "Huku nani?" Tunajibu. "Na huku?" Tunajibu. Aliyekosea anabeba kuni za wenzake kurudi nyumbani. Mimi nilibeba mara moja tu. Shamba letu sikulikosea kabisa: kutoka korongoni, unatembea ubavuni mwa mlima bila kupanda wala kushuka, unaipita chemchemi yenye magimbi, unakwenda mpaka kwenye jiwe jeusi lililozama nusu. Baada ya jiwe ni kwa mama mdogo. Kutoka korongoni mpaka kwenye jiwe, sigara moja.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha wiki nzima, ubavu wa mlima ukamomonyoka, jiwe likateremka na udongo na halikuonekana tena. Hakuna aliyehangaika. Jiwe si lipo kichwani kwa Mjomba?

*

Nataka mjue kwa nini tuliamini kichwa kile.

Jikoni kwetu mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko. Moshi unayapiga msimu mzima, yanakuwa meusi, na wadudu wa dumuzi hawayagusi. Ukipanda, yanaota. Mjomba alikuwa akikaa pale jikoni kwa mama, anaonyesha juu na sigara yake. "Mnaona mbegu ile? Inaliwa? Hailiwi. Na mimi kichwa changu nakifukiza hivihivi. Ndiyo maana sisahau."

Na sisi tukaitikia. Watu wazima, wenye akili zao, tukatikisa vichwa. Mimi nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne, nimechora ubongo kwa penseli na kuuwekea mishale, na bado niliitikia.

Ikawa ndiyo desturi. Ukitaka kumuuliza Mjomba neno la ukoo, humwendei mikono mitupu. Unapeleka sigara. Anaipokea kwa mikono miwili, anawasha, anavuta mara tatu kimya, ndipo anasema. "Ngoja kwanza afungue kichwa," mama alikuwa akituambia tukianza kuuliza mapema. Kweli, kabla ya kuvuta alikuwa mzito, anakunja uso, anasahau hata jina la mtu aliyekaa mbele yake. Akivuta, macho yanang'aa na maneno yanatoka yamepangika. Ungeona nini zaidi? Ushahidi ulikuwa pale pale.

Zamani alisokota tumbaku yake mwenyewe, na siku nyingine hakuwa nayo, akashinda bila. Halafu biashara ikaachiwa, kila kitu kikawa ruksa. Maduka yakaota njiani kama uyoga. Mjomba akaanza kupeleka ndizi Dumila, kwenye soko la njiapanda, kwa malori ya watu na kurudi na sigara za kila aina, zenye kichungi, zenye karatasi ya dhahabu ndani. Siku moja alirudi na kofia na mwavuli. Gari la matangazo lilisimama pale njiapanda na muziki mkubwa, wasichana wakawa wanagawa. "Wamenipa bure," alisema. "Wamesema mimi ni mteja wa heshima." Akaingia nao kanisani, mwavuli wa sigara, na wakati wa kutoka, mvua ikinyesha, padri mwenyewe akamwomba amfunike.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Huwezi kumchukia mtu huyo. Nimejaribu.

*

Yeye ndiye aliyenisomesha. Baba aliondoka mapema, na wakati huo shule zilishaanza kudai ada na dawati na kila kitu. Mjomba aliuza migomba yake, akanishusha mwenyewe mpaka mjini siku ya kwanza, amebeba sanduku langu kichwani na sigara mdomoni. Getini akamwambia mwalimu wa zamu, "Huyu ana kichwa. Msimharibie."

Lakini nilipokuwa kidato cha pili, tulipofundishwa kuchora ramani kwenye jiografia, nilirudi likizo nikachora mashamba yetu yote. Nilitembea siku mbili. Niliandika korongo, msitu, chemchemi, na mahali jiwe lilipokuwa. Nilipiga na rangi. Nikampelekea nikidhani atafurahi.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata kila neno. Akaniuliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mjomba. Nimeona tu, siku ukiwa haupo…"

"Siku nikiwa sipo." Alitikisa kichwa. "Mtu akiandikwa angali anapumua, maana yake mnamsubiri."

Akachana ukurasa, akatoa tumbaku mfukoni, akausokota mbele yangu, akauvuta. Wote waliokuwepo wakacheka. Mama akanifinya niombe msamaha, nami nikaomba. Nilipiga goti kwa mtu aliyekuwa anavuta mipaka yangu.

*

Kitu kimoja alichokuwa nacho na ambacho wavutaji wengi hawana: hakuvuta mbele ya mtoto mchanga. Mama anasema nilipozaliwa alikuwa akitoka nje hata mvua ikinyesha, anasimama chini ya paa la majani, anavuta, anapiga mswaki kwa kijiti, ndipo anaingia kunibeba. Kijana wa jirani, Mjomba alipomkuta na kipande cha sigara alichookota, alimchapa fimbo. "Hii si ya watoto!"

Kwa hiyo nilipojifungua wa kwanza nikaenda kumwonyesha, na akamwinamia usoni sigara ikiwa mdomoni, majivu yakaanguka kwenye kanga, nilidhani ni bahati mbaya.

"Mjomba, mtoto."

"Ndiyo, mtoto mzuri," akasema, akapuliza.

"Mjomba, moshi!"

Akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Nilimchukua mwanangu nikatoka nje mimi. Njiani nikajiambia amezeeka. Hakuwa mzee wa hivyo. Wako wenzake mpaka leo wanapanda na mzigo wa ndizi kichwani na wanakukumbusha kikombe cha chumvi ulichoazima.

Baada ya hapo yalikuja mengi, na kila moja tulilipatia jina la kulificha. Alikwenda Dumila, akasimama njiapanda mpaka jua linazama, hajui magari ya kurudi Morogoro yanasimama upande gani, mahali alipopita miaka na miaka. Dereva mmoja anayemfahamu ndiye aliyemrudisha. Yeye akasema, "Dumila imegeuzwa." Tukacheka sana. Ikawa msemo wetu wa nyumbani, mtu akipotewa na chumvi anasema Dumila imegeuzwa.

Aliuliza mbuzi wamefungwa wapi. Mbuzi walikuwa wameuzwa. Akauliza tena kabla jibu halijapoa. Alikuwa akipanga kazi ya shamba ya watu kumi bila kuandika, nani analima wapi, mbegu gani inatangulia. Sasa akipewa mambo mawili anashika moja na kulikasirikia la pili. Hasira ndiyo iliyokuwa ngeni zaidi. Mtu aliyekuwa akimaliza ugomvi wa wanawake kwa utani alimrushia mama bakuli la uji kwa sababu alimkumbusha kufunga vifungo.

Na sisi tulifanya nini? Tulimwongezea sigara. "Mpeni afungue kichwa."

*

Mama mdogo alipata mnunuzi. Bwana mmoja wa mjini, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa mlima, alitaka kujenga nyumba ya wageni juu huko penye hewa nzuri. Mama mdogo ana haki ya kusema kuhusu kipande chake, sikumkataza. Lakini kwa kuwa jiwe halipo, mwenyekiti wa kijiji alisema mpaka uonyeshwe kwanza mbele ya wote. Na wa kuonyesha ni mmoja.

Asubuhi ile niliamka nikajifunga mtoto mgongoni, nikapita dukani nikanunua pakiti nzima. Mimi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka Mjomba afike pale kichwa kimefunguka, aonyeshe sawasawa, watu watawanyike nikapalilie magimbi yangu.

Tulikuwa kama watu ishirini. Mjomba alisimama korongoni na kofia yake ya Dumila, akawasha, akaanza. Sisi nyuma yake. Mjomba wa zamani alikuwa akitembea kama anayeteleza. Huyu alipiga hatua tano akasimama, akashika kiuno. Hatua sita, akasimama. Kifua kinapiga mluzi. Sigara hizi za kichungi zinakimbia haraka, na upepo wa mlima ulikuwa unamsaidia kuivuta. Hatujafika hata kwenye chemchemi, nayasikia maji mbele kabisa, yeye akasimama, akaangalia kipande kilichobaki kati ya vidole, akakitupa.

"Mzee, ni hapa?" mwenyekiti akauliza.

Mjomba alihema.

"Ni hapa, Mzee?"

"Hapa," akasema.

Wakapigilia kigingi.

"Hapana!" Nilipenya mpaka mbele. "Mjomba, chemchemi ni yetu. Tulikuwa tunaipita. Tulikuwa tunaipita halafu ndiyo tunafika kwenye jiwe. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchota maji pale!"

Akageuka kuitazama chemchemi. Naomba mnielewe hapa. Aliitazama kama mgeni anayeonyeshwa mandhari. Ndani ya kichwa kile palikuwa na jiwe, na chemchemi, na mimi nina miaka sita nimebeba kibuyu, na vyote vilikuwa vimezimwa mtu asijue ni lini. Halafu hasira ikaja kujaza pale palipokuwa patupu.

"Wewe unanifundisha mipaka mimi? Nimekusomesha ili uje unitukane mbele ya watu?"

"Mwanangu, mwache mzee," mama mdogo akasema, taratibu. "Sigara moja ni sigara moja. Sote tunajua."

"Sigara ya zamani na mapafu ya zamani!"

"Jamani, huyu ana elimu nyingi," mzee mmoja akasema, wakacheka.

"Mzee ameshasema," mwenyekiti akamaliza.

Mama yangu alikuwa amesimama kando, ameinamisha kichwa. Dada hamkosoi kaka yake mbele ya ukoo.

*

Alianguka kabla ya mavuno. Mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukaenda upande mmoja. Tukamshusha kwa machela ya miti, sigara nne zile alizozihesabu maisha yote, tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa umri wangu. Alinisikiliza yote, Dumila, mbuzi, bakuli la uji. Akaniuliza amevuta miaka mingapi. Nikasema tangu sijazaliwa.

"Huu si ugonjwa wa jana," alisema. "Moshi unaharibu mishipa ya damu. Ile midogo kabisa ya kichwani inaziba mmoja mmoja. Kila unapoziba, kipande kidogo cha ubongo kinakosa damu kinakufa. Hasikii maumivu. Nyinyi mnaona tu amesahau, amekuwa mkali, hawezi kupanga mambo. Sasa umeziba mkubwa, ndiyo mmekuja."

"Lakini dada, akivuta alikuwa anachangamka. Nimemwona mwenyewe."

"Ulimwona akitulizwa. Mwili ukishazoea, usipoupa unavurugika. Akivuta anarudi pale wewe ulipo siku zote bila kuvuta. Hapandi juu zaidi. Na kila mwaka anaporudi, anarudi chini kidogo ya pale alipokuwa."

Mama alikuwa pembeni anasikiliza. Aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo tulikuwa tunamlisha nini?"

Daktari aliandika, akasema asivute tena hata moja, mshipa mwingine mdogo tu ukiziba utammaliza.

*

Tukamweka Bigwa, kwenye chumba cha uani ambacho mama alikipanga ili amuuguze karibu na hospitali. Mimi nikafungua shauri kwenye baraza la kata. Bwana wa mjini alishaanza kuchimba, bomba limeingizwa kwenye chemchemi, magimbi yangu yanakauka, na mimi nachota maji mtoni na mtoto wa pili mgongoni. Katibu wa baraza alikuwa mtu wa haki. Aliniambia ushahidi wangu hautoshi, wa mama nao ni wa mama. Lakini aliyeweka kigingi akitamka mwenyewe kwamba alikosea, kigingi kitang'olewa.

Nilishuka Bigwa kila siku. Nilimlisha uji, nikamwogesha, nikamuuliza. Hakujibu. Wiki ya tatu bila sigara, namfuta kidevu, hata sijauliza, akasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja:

"Siku ile nilisimama kupumzika."

Nikaacha kijiko.

"Nilichoka, mpwa wangu. Nikasimama nipumzike. Nyinyi mkapigilia."

"Jiwe liko wapi, Mjomba?"

"Mbele ya maji. Mbele kabisa."

Nilikimbia kwa katibu na viatu vya mama. Akasema kesho asubuhi atakuja na faili lake.

Alikuja. Akaketi kwenye kigoda, akasalimia, "Shikamoo, Mzee." Mjomba hakuitikia. Jasho lilikuwa linamtoka, mkono ule ulio mzima unapapasa kwenye shuka, unatafuta. Katibu akauliza mara ya kwanza, ya pili. Mjomba anatazama dari.

"Jana alisema," nikamwambia. "Nakuapia, alisema."

"Nakuamini, dada. Lakini siwezi kuandika jana yako."

Mama akanivuta mkono mpaka mlangoni. "Mpe moja. Moja tu, afungue kichwa."

"Mama, ulimsikia daktari."

"Nilimsikia. Na watoto wako watakunywa nini?"

Katibu alikuwa anafunga kalamu. Nilivuka barabara, nikanunua moja kwenye kibanda. Midomo ya Mjomba haikuweza kuivuta ishike moto, kwa hiyo niliiwasha mdomoni mwangu mimi, nikakohoa, mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia. Nikamwekea.

Akavuta. Mara tatu, kimya. Na jamani, tukamwona akirudi. Mgongo ukanyooka kwenye mto, macho yakakusanyika yakatua kwa katibu, na sauti ikatoka, ile yenyewe, ya asubuhi za mipakani.

"Andika," akasema. "Kutoka korongoni, sigara moja, mpaka kwenye kigingi. Kigingi nimekiweka mimi. Mwingine akisema vingine ni mwongo."

"Mjomba! Jana umeniambia ulisimama kupumzika!"

"Jana mimi nilikuwa shamba."

Katibu alinitazama kidogo, kisha akaandika. Akamsomea. Mjomba alisikiliza akiitikia kila neno kwa kichwa, akatoa kidole gumba mwenyewe bila kuambiwa, akakibonyeza kwenye wino na kwenye karatasi. Mama alikaa chini mlangoni, kanga mdomoni.

Faili likafungwa. Mjomba akanigeukia, na ule upande wa uso unaofanya kazi ukatabasamu, umetulia, uso wa mtu aliyewafanyia watu wake kazi na kuimaliza.

"Umesikia, mpwa wangu?" akaniambia. "Shamba lenu nimelilinda."